Ndai ya Dizeli Inazima Ghafla Barabarani? Soma Hii Kabla Fundi Akuuzie Pampu Mpya

Hakuna kitu inanyima dere usingizi kama gari inazima yenyewe. Ikikataa kuwaka asubuhi, sawa, uko nyumbani, utapanda mat. Lakini ikizima ukiwa Mombasa Road na trela iko nyuma, hiyo ni stori ingine kabisa. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba ukingoja dakika kumi, inawaka tena kama hakuna kitu ilifanyika. Unaifikisha kwa fundi, anaskia injini inanguruma fiti, anakuna kichwa, halafu anatoa ile sentensi imefilisi wasee wengi: "Hiyo ni pampu, boss."

Inaweza kuwa pampu kweli. Lakini pampu ni moja ya vitu za bei ghali kwa injini ya dizeli, na kuna rilei, waya, filta na mipira ya bei ndogo zinaweza kuzima gari vilevile. Rada ni hii: venye gari ilizima ndiyo ushahidi wako. Ukijua kuusoma, unafika gereji ukiwa na stori ya maana, na doo yako inabaki kwa M-Pesa.

Kwanza, toka barabarani ukiwa mzima

Injini ikizima gari ikienda, vitu mbili zinabadilika. Stelingi inakuwa nzito, kwa sababu kwa magari mengi ya dizeli pampu yake inazungushwa na injini. Breki nazo zinasaidiwa na vakyum, na hiyo vakyum pia inatengenezwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikilala unabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

So usipampu breki. Kanyaga mara moja, shikilia, ongeza nguvu ya mguu. Washa hazadi, shika stelingi na mikono mbili, sogea pembeni. Usichomoe funguo gari ikisonga, stelingi itajifunga. Kama ni gari ya klachi na uko kwa mteremko kama ule wa Mai Mahiu, wacha gia ndani: magurudumu yatazungusha injini, na hiyo injini itashikilia gari na kuendelea kukupea vakyum.

Ukisimama, abiria washuke upande wa mbali na magari na wakae mbali na barabara. Laifseva iweke nyuma kabisa, si hapo kwa bampa. Dere wa trela anahitaji nafasi ya kukuona na kupunguza.

Dizeli inahitaji nini ndiyo iwake?

Hii ni fupi lakini itakuokolea pesa. Gari ya petroli inawashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto sana, halafu mafuta yanapulizwa ndani na kulipuka. Zile plagi za joto unasikia mafundi wakitaja zinasaidia kuwasha injini ikiwa baridi. Kama gari imezima ikiwa imeshapata moto na inatembea, msee akikuambia ununue plagi za joto, muulize aeleze vizuri.

Kwa hivyo injini ya dizeli ikizima ghafla, karibu kila mara imenyimwa mafuta, ama imenyimwa umeme wa kuruhusu mafuta. Kunyimwa hewa ama kuvunjika kitu ndani pia hutokea, tutafika hapo.

Jua pia uko na injini gani. Zile za kitambo kama 2L, 3L na 5L za Toyota Hiace na Hilux ziko na pampu ya kimakanika. Umeme kazi yake hapo ni kidogo: kuna waya wa volti 12 unaenda kwa solenoidi iliyo juu ya pampu. Waya ukikosa moto, solenoidi inafunga mafuta na injini inalala papo hapo. Zile za kisasa za komon-reli, kama 1KD na 2KD za Toyota, 4JJ1 ya Isuzu D-Max ama YD25 ya Nissan Navara, zinaendeshwa na kompyuta. Kompyuta isipoona kitu inataka, inakata.

Maswali matano kabla ufungue boneti

Toa simu uandike majibu hapo hapo, kabla usahau.

1. Ilikatika mara moja kama taa, ama ilikohoa na kupoteza nguvu kwanza?
2. Dashibodi ilifanya nini? Taa ya oili na ya betri ziliwaka, ama kila kitu kilikuwa giza?
3. Mshale wa RPM ulianguka kwa sifuri ghafla gari ikiwa bado iko kwa gia, ama ulishuka polepole?
4. Iliwaka tena baada ya muda gani? Papo hapo, dakika kumi, nusu saa?
5. Ulikuwa unafanya nini? Unapanda mlima, umeruka tuta, umeachilia mafuta ukikaribia taa za trafiki, umetoka petroli stesheni, umetoka gereji juzi?

Majibu ya hayo maswali yanagawanya shida kwa familia mbili kubwa.

Familia ya kwanza: ilikatika kama stima imepotea

Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka. Ilikuwa hapa, sasa haiko. Hii mara nyingi ni umeme.

*Dashibodi iligeuka giza.* Anza na betri. Shika vichwa vya waya hapo kwa betri uvitingishe. Vikicheza, umepata mshukiwa. Kisha fuata waya mnene wa ethi kutoka betri hadi kwa bodi na kwa injini, mwisho wake huwa na kutu. Ukiwa na mita, betri nzima gari ikiwa imezimwa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka inafaa kusoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Baada ya hapo angalia swichi ya funguo: washa gari, iwache ikinguruma, tingisha funguo kidogo. Ikizima, jibu umelipata bure. Wale wa kubeba funguo na rundo la kilo moja, mnaskia?

*Dashibodi iko sawa lakini injini imelala.* Hapa kuna vitu vinne vya kufuata.

Kwanza ni rilei kuu na fyuzi. Rilei ikichoka inaachilia ikipata joto na kushika tena ikipoa. Kwa magari mengi kuna rilei ingine inafanana nayo kwa hiyo boksi. Badilisha nafasi, endesha, uone kama shida imehama. Hakikisha tu namba zilizoandikwa juu zinalingana.

Pili ni traka, na hapa Kenya hii si ya kulenga. Magari mengi, haswa ya mkopo wa logbook, yamefungwa traka yenye rilei ya kuzima gari kwa mbali. Kufunga hiyo rilei, fundi anakata waya wa kuwasha ama wa pampu na kuunganisha katikati. Kama aliunganisha kwa kupinda waya na kuzungusha tepu, joto na mtetemo vitaifungua siku moja. Hutaona kodi yoyote kwa kompyuta inasema "traka". Usiichomoe mwenyewe kama gari bado ina deni, mkataba unaweza kukugeukia. Pigia waliofunga, waambie waje wakague muunganisho mbele yako. Alarm za kufungiwa mtaani ni stori hiyo hiyo.

Tatu, kama ni matatu, ni spidi gavana. Kulingana na aina yake, hiyo boksi inaweza kuwa imeguswa waya wa pedali ya mafuta ama wa pampu. Ikifungwa vibaya inaweza kukata hata uko spidi ya arobaini. Dawa ni kuipeleka kwa aliyeidhinishwa kuifunga. Kuipita na waya ni kujitafutia kesi na NTSA.

Nne ni sensa ya krenki. Hii kwa injini ya kisasa ndiyo inaambia kompyuta kwamba injini inazunguka na iko wapi. Ikipotea, kompyuta haijui ipulize mafuta saa ngapi, so inaacha kabisa. Tabia yake inajulikana: inakufa ikiwa moto, inafufuka ikipoa. Ndiyo maana ule mshale wa RPM ni wa maana. Kama gari ilikuwa bado inasonga na gia iko ndani, injini ilikuwa inazungushwa na magurudumu. Mshale ukianguka kwa sifuri hata hivyo, kompyuta ilikuwa imepoteza sensa. Kabla ununue mpya, kagua plagi na waya wake, maana waya uliokwaruzwa unaleta shida ile ile.

Kwa zile injini za kitambo, nenda moja kwa moja kwa waya wa solenoidi. Funguo ikiwa imewashwa, kuwe na volti 12 pale. Ukiuchomoa na kuurudisha unafaa kuskia "tak". Kama volti zinafika na hakuna sauti, solenoidi imechoka. Kama volti hazifiki, shida iko nyuma: fyuzi, swichi ama traka.

Familia ya pili: ilikohoa kwanza

Gari ilianza kuvuta vibaya, ikarukaruka, ikapoteza nguvu, halafu ikalala. Hii ni njaa ya mafuta. Fuata mafuta kutoka kwa tangi kuja mbele.

*Kifuniko cha tangi.* Tangi inafaa kupumua. Tundu la kupumua likiziba, mafuta yakivutwa yanaacha nafasi tupu hadi pampu inashindwa kuvuta. Gari ikizima, fungua kifuniko. Ukiskia "fsss" kubwa ya hewa ikiingia na gari inawaka baada ya hapo, umepata.

*Uchafu ndani ya tangi.* Huyu ndiye mjanja wa "inawaka baada ya dakika kumi". Takataka inavutwa hadi kwa mdomo wa bomba la kunyonya na kuziba. Injini ikizima, mvuto unaisha, takataka inaanguka chini, gari inawaka. Unaenda kilomita chache, inarudi. Ukiona shida inazidi tangi ikiwa robo, shuku hapa.

*Filta na maji.* Chini ya filta za dizeli nyingi kuna kifunguo cha kutoa maji. Toa kidogo kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iwache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utaona mstari. Kama dashibodi imewasha taa ya filta, usiizoee kama taa ya disko. Filta iliyoziba inakubali gari itembee mtaani polepole, lakini ukipanda mlima na mzigo, injini inadai mafuta mengi na haipati.

*Hewa kwa mpira.* Mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu hauvuji lazima, ju hapo mafuta yananyonywa. Unavuta hewa ndani. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono hapo juu ya filta. Ibonyeze. Ikiwa ngumu haraka, poa. Ikibaki laini kama sponji, kuna hewa ama mafuta hayafiki. Fundi mzuri ataweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani baada ya filta na mtaona mapovu na macho yenu.

*Tesiti ya jerikeni.* Hii ndiyo inamaliza ubishi. Gari ikiwa imesimama mahali wazi, mbali na moto na sigara, unachomoa mpira unaotoka kwa tangi na kuweka mwingine unaonyonya dizeli safi kutoka kwa jerikeni. Mpira wa kurudisha mafuta nao unaingia kwa jerikeni. Wacha injini inguruma, ipandishe RPM, ipe muda ule huwa inachukua kuzima. Isipozima, shida iko kati ya tangi na filta. Ikizima bado, songa mbele kwa pampu. Kazi ya bei ya mpira na lita chache za dizeli, na imekupea jibu.

*Mafuta feki.* Kama shida ilianza baada ya kujaza mahali pageni, usipuuze. Kuchanganya dizeli na mafuta taa ilikuwa imezoeleka sana hadi mwaka wa 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ndiyo wachanganyaji wakose faida. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta taa ni membamba, hayalainishi vizuri, na pampu inajisaga pole pole. Weka risiti ya petroli stesheni. EPRA ndio wa kupelekewa hiyo malalamiko.

Wasee wa D-4D na wenzao: kuna kivalvu kinaitwa SCV

Kama una komon-reli na gari inazima ukiachilia mafuta, ukikaribia taa za trafiki, ama RPM inapanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama, kuna mshukiwa maalum. SCV ni valvu ya umeme inayokaa kwa pampu kubwa na kupima mafuta yanayoingia. Pampu za Denso zilizo kwa 1KD, 2KD, 4JJ1 na YD25 ziko nayo. Ikianza kukwama, presha inayumba na injini inalala.

Kitu muhimu: SCV inatolewa peke yake, imeshikwa na boliti mbili. Fundi akikuambia pampu nzima iende, muulize kama amepima SCV. Ukienda kuinunua Kirinyaga Road, beba ile ya zamani mkononi ulinganishe namba, na jihadhari na feki. Magari mengine yanataka kompyuta ifundishwe upya baada ya kubadilisha, so hakikisha fundi ako na mashine ya kufanya hiyo.

Skani: kodi, na si ile ya KRA

Magari ya komon-reli mengi yana soketi ya skani chini ya dashibodi. Zile injini za 2L na 5L usisumbuke, hazina. Kifaa kidogo cha Bluetooth na programu kwa simu vinatosha kuanza. Angalia hizi:

- P0335: mawimbi ya sensa ya krenki.
- P0340: sensa ya kamu.
- P0087: presha ya mafuta kwa reli iko chini.
- P0088: presha iko juu kupita kiasi.
- P1229 kwa Toyota: mfumo wa pampu ya mafuta, SCV iko kwa orodha ya washukiwa.

Kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0087 inaweza kuwa filta, hewa, SCV, injekta ama pampu. Wengi wanafilisika hapa: wanaona kodi, wananunua kitu. Badala yake, cheki namba zikitembea. Linganisha presha kompyuta inaitisha na ile inapata. Gari ikikataa kuwaka, piga stata ukiangalia RPM kwa skani. Injini inazunguka lakini skani inasema sifuri? Rudi kwa sensa ya krenki na waya zake. RPM iko lakini presha haipandi? Rudi kwa mafuta.

Injekta, wengine huziita nozo, zinapimwa kwa kukusanya mafuta ya kurudi kwa chupa ndogo, moja kwa kila injekta. Ile inajaza chupa haraka kuliko wenzake inavuja presha ndani.

Na hii isikie vizuri: kwa komon-reli, usikubali mtu afungue nati ya paipu ya injekta injini ikiwaka, venye mafundi walizoea kufanya kwa injini za kitambo. Presha hapo inapita bar 1,000. Mafuta yanatoka kama sindano, yanapenya ngozi, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Wakati usijaribu kuwasha tena

Kuna kuzima kwingine ambako kila ukipiga stata unaongeza bili.

- Taa nyekundu ya oili iliwaka kabla izime: pima oili kwanza. Ikiwa haionekani kwa kijiti, ita breakdown.
- Mshale wa joto ulikuwa juu: wacha ipoe, usifungue rejeta ikiwa moto.
- Stata inazungusha injini haraka na laini kuliko kawaida: belti ya taiming inaweza kuwa imekatika. 1KD na 2KD zinatumia belti. Ukiendelea kupiga stata, valvu na pistoni zinaweza kugongana.
- Injini haizunguki hata kidogo na betri iko na nguvu: inaweza kuwa imeshikana ndani.

Na usipulizie ile spreya ya kuwashia kwa njia ya hewa kama gari iko na plagi za joto. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Kuhusu hewa: kwa dizeli za kisasa kadhaa kuna kipepeo kwa njia ya hewa, na kuna valvu ya EGR. Kipepeo kikijifunga ama EGR ikikwama wazi, injini inaweza kulala na moshi mweusi kabla yake. Hizi ziangalie ukishamaliza zile familia mbili.

Ukifika kwa fundi

Usiseme "gari inazima." Sema: "Inakatika mara moja ikipata moto, dashibodi inabaki, mshale unaanguka sifuri, inawaka baada ya dakika kumi na tano." Fundi wa ukweli atafurahi, umemfanyia nusu ya kazi. Yule wa kubahatisha utamjua kwa uso.

Kisha shikilia mpangilio huu: betri na ethi, fyuzi na rilei, traka ama gavana, filta na maji, hewa kwa mipira, jerikeni, skani, SCV, injekta. Pampu kubwa ni ya mwisho. Kila kitu kikibadilishwa, uliza kilipimwa aje, na rudi nyumbani na kile cha zamani kwa mfuko.

Na kama bado haijapatikana, usiibebe familia kwenda ocha nayo ukitumaini imejiponya. Gari inayozima na kuwaka yenyewe haijapona. Itazima tena, na wewe hutachagua ni wapi.